Nepi za Sumaili Wakati wa Mvua

Jumatatu, 13 Januari

Nimechoma nepi za dukani tena nyuma ya nyumba. Haziungui. Juu zinakuwa nyeusi, ndani mbichi vilevile, na moshi wake mzito unaingia moja kwa moja dirishani kwa Mama. Amefunga dirisha. Bora angenigombeza.

Kazi tele. Shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mwanawe itangulie. Nashona huku mwanangu Sumaili yuko pajani. Ana miezi kumi, amejifunza kuvuta uzi wa cherehani. Rehema, dada yake, anamchukua nikizidiwa. Ana miaka tisa na maneno ya mtu mzima.

Mama yao, mke wangu Zainabu, yuko Afungi, anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi wa gesi. Anakaa huko wiki kadhaa, halafu anapata folga, likizo ya wiki moja nyumbani. Wanaume wa mtaani wanasema nyumba yangu imepinduka. Mimi naiona imesimama vizuri. Nina furaha. Huu moshi tu.

Jumanne, 14 Januari

Bahari imekupwa mbali leo. Tumeshuka pwani sote, Mama kuokota kombe, sisi kumfuata. Sumaili nimembeba mgongoni kwa kapulana, kitenge cha Mama. Watu wamecheka, nimezoea.

Rehema amekuta nepi imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Imevimba kama mkate ulioloweshwa. Hatua chache mbele nyingine, kisha nyingine. Ile ya mwisho ilikuwa na picha ya tembo, kama zetu. Ameniangalia.

"Baba, hii ni ya kwetu?"

Nimesema hapana, sisi tunachoma. Lakini zile zisizoungua huwa nazitupa korongoni, na mvua ikinyesha korongo lote linashuka baharini. Kwa hiyo sijui. Na Mama alikuwa ameinama palepale, anachimba kombe kwenye tope lilelile.

Jioni tumezila kwa mchuzi wa nazi. Zilikuwa tamu. Zangu nimezimeza kwa shida.

Jumatano, 15 Januari

Nimekata kapulana mbili kuukuu na taulo moja. Nashona nepi za kufua: tabaka tatu, katikati taulo. Nimeshona pindo pande zote. Mama alikuwa anapita akasimama. Kumbe alikuwa anangoja siku hii. Yeye haiti nepi, anaita winda. Amemlaza Sumaili mkekani, akaikunja pembe tatu, akapitisha, akafunga, kwisha. Mimi nimejaribu mara nyingi ikawa inamteremka miguuni. Mama amecheka mpaka akakaa chini. Anasema sisi wote sita tumelelewa hivyo na hakuna aliyedhurika.

Rehema ameshika mkasi vizuri. Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 17 Januari

Kufua ni kazi. Nisikudanganye, daftari, ni kazi. Unaanza kwa kukwangua, unaloweka, unafua, unasuuza, na kabla hujamaliza ameshachafua nyingine. Bakari, jirani yangu, amenikuta na beseni uani. Ameita wenzake waje kuona. Nimemwambia achutame anisaidie. Hakuchutama, lakini ameacha kuita watu.

Zainabu amepiga jioni. Nimemweleza habari za pwani, za tembo, za winda la Mama. Nilidhani atacheka. Amekaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema polepole:

"Baba Rehema, mimi huku nasugua masufuria ya watu ili mwanangu avae kama watoto wa watu. Wewe unamvika matambara."

Nikajibu si matambara, nimeyashona mwenyewe. Akasema ameelewa. Hakuelewa. Tumeagana vibaya.

Jumapili, 19 Januari

Mvua. Tangu jana haijakatika. Nimefunga kamba ndani, kutoka mlangoni hadi dirishani, juu ya cherehani. Sare zilizokwisha upande huu, nepi upande ule. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya binti yake ameinusa kabla ya kulipa. Aibu. Ilikuwa inanuka sabuni tu, lakini aibu.

Hazikauki. Zinabaki na ubichi fulani ambao mkono hauugundui mpaka uziweke shavuni. Za akiba zimekwisha. Nimemvika moja hivyohivyo.

Jumatano, 22 Januari

Sumaili amepata upele. Mapajani na chini ya tumbo, mwekundu, na analia akiguswa na maji. Nimechukia. Nimejichukia mimi, si mtu mwingine. Nilijiona bingwa.

Nimempeleka hospitali. Infermera wa watoto, yaani nesi, ni dona Felisma, mama wa bara, mtu wa nyanda za juu, haongei sana. Amemgeuza, ameshika nepi, ameikamua kidogo kati ya vidole. Povu limetoka. Akasema sabuni haijaisha, na nguo haijakauka, hivyo viwili ndivyo vinavyomla mtoto. Nisuuze kwa maji mengi. Nikaushe kabisa. Na mtoto nimwache wazi kila nikipata nafasi.

Maji mengi! Nilikuwa nayabana maji ya kisima huku mvua inamwagika kutoka paani. Tumepanga ndoo zote chini ya bati, Rehema na mimi. Zimejaa kabla ya alasiri. Na kuzikausha nimewasha pasi ya mkaa, ile ya sare. Nepi baada ya nepi, mvuke umejaa nyumba. Zimekauka kweli. Pasi ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Ijumaa, 24 Januari

Zainabu amefika. Amewabusu watoto, amemsalimia Mama, amemfungua Sumaili, ameuona upele. Ulikuwa umeanza kufifia. Sikusema kwamba umefifia.

Hakupiga kelele. Ametoa pakiti mpya kwenye begi, amemvika nepi ya dukani, ameichukua ile ya kitambaa kwa ncha za vidole na kuiweka kwenye kapu. Amesema akiwa huku atamvika anavyotaka yeye. Ni haki yake. Yeye ndiye anayelala mbali na mtoto.

Mama ametoka nje kabisa, amekwenda kumwagilia mipapai ambayo mvua imeshaimwagilia.

Jumamosi, 25 Januari

Zainabu anapika vizuri sana akikasirika. Samaki wa leo sitamsahau.

Rehema ameuliza wakati wa kula nepi za leo zitakwenda wapi. Nimeogopa Zainabu atadhani nimemtuma. Sikumtuma. Huyu mtoto ameanza kuuliza kila kitu kinakwenda wapi: maganda, betri, maji ya kuoshea vyombo. Nilimfundisha mwenyewe, sasa ananichosha.

Zainabu na mimi hatujaongea ila mambo ya chumvi na mlango.

Jumatatu, 27 Januari

Naandika jambo hili lote, nisilisahau.

Asubuhi Zainabu amempeleka Sumaili hospitali kupimwa uzito. Amekwenda na Rehema. Mimi nimebaki na sare. Amechelewa kurudi. Alipofika hakukaa, amekwenda moja kwa moja kwenye kapu, akatoa nepi zangu zote, zilizopigwa pasi, akazikunja ndani ya kapulana yake nzuri ya kijani na kutoka tena. Sikuthubutu kuuliza. Rehema ndiye aliyenisimulia.

Wodini walikuta msichana anaitwa Maria, amezaa juzi. Familia yake imetoka bara, hapa hawana mtu. Mtoto amefungwa kapulana ya mama yake, na mama mwenyewe amekaa kitandani na shuka la hospitali, kwa sababu ile kapulana ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Zainabu akampa nepi zote alizobeba mkobani. Maria akashukuru sana. Akaigeuza moja huku na huku, akauliza zinafuliwaje.

Zainabu akamwambia hazifuliwi, zinatupwa.

Maria akaitazama tena. Hakulalamika, Rehema anasema, aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua njia.

"Na kesho?"

Ndipo Zainabu akarudi nyumbani mbio.

Amekuja mara ya pili jua limekwishapanda, hana ile kapulana ya kijani. Ameketi kwenye kiti cha wateja. Amesema amemfundisha Maria kukunja, na yeye mwenyewe alikosea mara mbili, dona Felisma akamsahihisha. Akatazama cherehani, akanitazama mimi.

"Kata nyingine," amesema. "Nyingi."

Nimekata.

Jumatano, 29 Januari

Tumeongea vizuri, uani, tukimenya muhogo. Amesema kilichomuuma si kitambaa. Kule kazini, akichoka, anajiambia kwamba kila nepi anayovaa mwanawe ameinunua yeye, hivyo ni kama mkono wake umemgusa. Mimi nikaziondoa bila kumuuliza. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nimemwambia hivyo. Amekubali.

Baada ya adhuhuri amekwenda kwa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Mtwara, amerudi na jora la pamba laini, jeupe, zito. Nguo ya mwanawe ananunua yeye, amesema, mimi nishone. Ni laini kuliko taulo langu mara nyingi. Za dukani tutatumia safarini tu. Tumekubaliana bila ugomvi.

Alhamisi, 30 Januari

Leo nyumba imekuwa kiwanda cha nepi za akina mama wa hospitali. Mama ametoa kapulana zake za zamani, nyingine zina rangi ambazo siku hizi hazipatikani. Ameziaga moja moja kisha akazikata bila huruma. Rehema anapanga tabaka. Zainabu anapiga pasi. Mimi sinyanyui mguu kwenye cherehani.

Bakari ameleta mashuka mawili makuukuu, ametumwa na mkewe. Alitaka kuyaacha mlangoni akimbie. Zainabu amempa mkasi. Amekaa mpaka magharibi, anakata vibaya, hakuna pembe iliyolingana na mwenzake. Zile nepi zake tumeziweka pamoja na nyingine. Mtoto hajui pembe.

Sumaili alikuwa mkekani, wazi, anatambaa juu ya vitambaa. Upele umekwisha. Amekojolea jora jipya. Tumecheka sote, hata Zainabu aliyelinunua.

Ijumaa, 31 Januari

Gari la kazini limemchukua Zainabu asubuhi. Kabla ya kuondoka ameanika nepi mwenyewe, kamba nzima, akizivuta pembe zinyooke. Jua lilitoka. Rehema alilia kidogo, mimi nikajikaza.

Mzigo tumeupeleka hospitali baada ya sala, Rehema na mimi. Dona Felisma ameupokea, ameufungua, amekamua moja kwa vidole. Haikutoa kitu. Ameitikia kwa kichwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sifa kubwa. Ametuomba tukiweza tulete nyingine, si lazima nyingi. Nimeahidi kila Ijumaa, vyovyote vitakavyopatikana. Rehema akaongeza kwamba atakuja yeye kuwaonyesha akina mama namna ya kukunja. Sikumkataza.

Jumanne, 4 Februari

Shule zimefunguliwa. Sare zangu zimepita barabarani asubuhi, nimesimama mlangoni nikizihesabu kwa macho kama mtu mwenye mbuzi. Rehema naye amekwenda, hakutaka nimsindikize.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimefua, nimesuuza kwa maji ya mvua, maji ya mwisho nimemwagia mipapai. Korongoni sijatupa kitu tangu tuanze. Nimekwenda kutazama. Zile za zamani bado zipo, chache, zimeshikwa na majani. Nimeziokota kwa fimbo na kuzitia guniani. Sijui nizipeleke wapi. Gunia liko nyuma ya choo, limefungwa. Nimeandika tu kwamba lipo.

Ijumaa, 7 Februari

Nikitoka msikitini nimepita bairo, mtaa wa wageni waliotoka bara. Kwenye uzio wa makuti kulikuwa na nepi zimeanikwa. Mshono wangu naujua. Na moja ilikuwa imekatwa kombo kabisa, ya Bakari. Mwenye nyumba hakuwepo, ni kuku tu waliokuwepo. Sikusimama. Nimetembea njia nzima natabasamu peke yangu, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimepata habari njema. Nimemwambia ndiyo.

Jumapili, 9 Februari

Hakuna wateja. Mama amelala ukumbini. Upepo kidogo.

Sumaili amesimama. Alikuwa ameshika mguu wa cherehani, akauachia, akabaki amesimama peke yake katikati ya nyumba, mikono juu, anashangaa. Kisha akakaa kwa kishindo. Rehema amepiga kelele za furaha mpaka Mama ameamka akidhani kuna jambo.

Nimempigia Zainabu. Alikuwa mapumzikoni, amepokea upesi. Nimemwambia. Amenyamaza, na safari hii nilijua mtandao haukukatika. Nilimsikia anavuta pumzi.

Baadaye akauliza, "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia hakuwa amevaa kitu.

Amecheka. Amecheka sana, nikasikia wenzake kule jikoni wanamuuliza kuna nini, naye anashindwa kuwajibu.