Vyoo Visivyo na Kuta

Zwelethu, 4 Machi 2010

Mdogo wangu Lwandile,
Hujambo huko mjini? Sisi tunapumua, ila goti la Mama linamsumbua.
Manispaa yenu imetuletea vyoo. Bakuli na bomba, basi, kuta hakuna. Mama anajifunika blanketi, mimi nasimama mbele yake kumkinga, na barabara ndiyo ile pale. Jana madereva walimpigia honi. Akaniambia, "Nozuko, uzee wote huu ndio naanikwa hivi?" Wewe ni mwanasheria wao. Waambie.
Dada yako, Nozuko

Mjini, 22 Machi 2010

Dada, shikamoo. Mpe Mama pole ya goti.
Nimewaambia. Mkurugenzi akacheka: "Si walinyoosha mikono wenyewe mkutanini, kwamba kuta watajijengea?" Na ni kweli mlinyoosha. Mkienda mahakamani, mimi ndiye nitakayewaandalia manispaa hoja. Nakuomba msiende. Pasaka nitakuja na mabati, nimjengee Mama mwenyewe.
Mdogo wako, Lwandile

Mjini, 19 Agosti 2010

Dada,
Hamjambo? Mama anaendeleaje? Nimekaa kimya mno, na Pasaka sikuja. Kazi ilinibana, kisha nikaona haya.
Lile swali la wakili wetu wa manispaa kule mahakamani, "Bibi, huna mtoto wa kukujengea ukuta?" nililiandika mimi, waulizwe mashahidi wenu wote. Jina lililoandikwa kwenye orodha ya mashahidi lilikuwa lako. Sikujua Mama angesimama badala yako. Nilikuwa nimekaa nyuma ya wakili. Mama alinitazama hasa, akajibu, "Sina."
Dada, amenikana? Niambie tu ukweli.
Mdogo wako, Lwandile

Zwelethu, 3 Oktoba 2010

Lwandile,
Sisi wazima, goti ni lile lile.
Hukumu umeisikia. Jaji alisema utu wa mtu haupigiwi kura, hata mkutano mzima unyooshe mikono, na manispaa ijenge kuta. Watu waliimba mpaka nje. Mama hakuimba.
Barua yako nilimsomea. Nilidhani ile "Sina" yake ilikuwa ya hasira, maana mimi ninayo mpaka leo. Akasema, "Ningemwonyesha kwa kidole mbele ya wenzake wenye majoho, mwanangu angeuficha wapi uso wake?"
Kisha akaniomba nisikuandikie hayo.
Nimekuandikia.
Dada yako, Nozuko