Gari Lisilopiga Hodi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Limewaka wapi? Nimebonyeza kitufe – kimya. Nikabonyeza tena – kimya. Mara ya tatu Salha akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe lilikuwa limewaka tangu mwanzo, mimi nawasha na kuzima, nawasha na kuzima! Mwalimu wa Jiografia mzima.

Salha jirani yangu anamfuata mumewe Mwanza, anauza hiki kigari chake cha haibridi. Petroli na umeme wa betri, vyote mle mle. Kaniachia wiki mbili. Jionee mwenyewe shoga, anasema, kisha unijibu ndiyo au hapana. Utadhani ananiuzia kitenge.

Kwangu si kitenge. Gari langu limefika mwisho. Wanafunzi wanaliita Mashine ya Kusaga na hawajakosea: ekzosi imetoboka, na mafuta linakunywa utadhani linalipwa. Mwezi uliopita limenilaza Ihumwa. Bila gari sifiki kwa Baba Hombolo kila Jumamosi, na nisipofika Hombolo, Ludovick ameshinda. Kaka yangu huyu anashikilia kwamba Baba anagonga themanini, hawezi kubaki peke yake na mizabibu. Shamba liuzwe, mzee ahamie kwake Morogoro.

Mimi nasema Baba yuko imara, nimemwona kwa macho yangu. Kila nikifika amekaa kwenye kiti chake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, chai iko mezani. Mtu wa namna hiyo ukamfungie ghorofani kwa Ludovick? Atakufa kwa upweke kabla ya Krismasi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelipeleka kwa Halfani, gereji. Amelizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Halipendi! Anasema injini haina neno, kazi iko kwenye betri – ikifa, Mwalimu, utalia. Nikamuuliza itakufa lini. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Fundi gani huyu!

Baadaye akalainika. Akanionyesha tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma, ndiyo pua ya betri. Nisiizibe kwa mizigo, na kwa vumbi letu hili chujio lake lisafishwe mara kwa mara. Na jingine: liko chini mno. Njia ya Hombolo italikwaruza tumbo.

Mjini lakini – raha tupu. Foleni ya Nane Nane imeshaanza Nzuguni, mabasi yananguruma, mimi nimekaa na injini imejizima yenyewe. Mshale wa mafuta umesogea kidogo tu tangu juzi. Mashine ingekuwa imeshameza robo tangi.

Kasoro moja. Nusura nimguse mama wa mchicha pale getini kwetu shuleni. Hakunisikia. Akanifokea mbele ya wanafunzi: gari gani hili linanyata kama mwizi? Nimemwomba radhi. Ana haki.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nianze na gari, maana ndilo rahisi. Kwenye lami, safi sana. Kwenye vumbi tumbo limekwaruza mara mbili, moyo ukanipasuka. Gunia la unga nimeliweka mbele, mbali na ile pua. Nimefika na zaidi ya nusu tangi. Ile njia ya mchanga ya kuingia nyumbani nimeenda taratibu, injini ikajizima, nikaingia uani kwa betri tupu. Hata kuku hawakukimbia.

Baba alikuwa uani. Hakugeuka.

Nilitaka kumshtua, tucheke. Nikatulia ndani ya gari, nikamtazama. Alikuwa ameshika ule waya unaotoka mlangoni mpaka kwenye mizabibu. Ule waya! Miezi yote aliniambia ni wa kuanikia nguo. Siku moja nilianika kanga yangu pale, akaitoa upesi upesi, nikadhani ni ukali wa uzee. Leo anatembea ameushika, mkono mwingine mbele. Penye fundo la kitambaa akasimama. Akainama, akapapasa chini mpaka akaipata ndoo. Akachota maji kwa kopo, akayamimina kwenye kikombe, kidole kakitumbukiza ndani ajue kama kimejaa. Halafu akainua uso akatazama upande wangu. Usoni kwangu kabisa. Akapita.

Baba yangu haoni.

Nimeona aibu kubwa! Mgeni hupiga hodi. Mwizi ndiye hapigi. Mimi mtoto wake nimeingia kimya kimya, nimemchungulia nyumbani kwake. Nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nimelia pale. Kisha nikapiga honi, ndefu, nikangoja, nikaingia nikipiga honi njia nzima kama msafara wa harusi.

Nikakuta kila kitu mahali pake. Kiti. Vifungo. Kikombe mezani. Shikamoo Baba. Marahaba mwanangu. Akasema gari ameliona tangu kule bondeni, jeupe, linapendeza kweli – ila weupe huo na vumbi la huku nitauweza?

Gari ni la bluu.

Nikamjibu: nitaliosha, Baba.

Mashine ya Kusaga ilikuwa inasikika tangu bwawani. Ndiyo iliyokuwa inampa muda wa kujiweka sawa. Miezi mingapi? Na mimi nikienda kuapa kwa Ludovick kwamba nimemwona kwa macho yangu!

Jumapili, 10 Agosti

Ludovick kapiga. Mzee anaendeleaje? Nikasema mzima.

Si uongo. Uongo.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimempigia Penina, tumesoma pamoja, sasa ni muuguzi hospitali ya Mvumi. Nikamwambia kuna mzee fulani jirani yetu. Akasikiliza yote. Akasema huenda ni mtoto wa jicho, hapo hufanyiwa upasuaji na mtu akaona tena. Huenda ni presha ya macho, na hiyo ikishakula haitapiki. Bila kumpima hajui. Kila wiki tunayokaa kimya ni hasara ya mzee.

Mlete Jumatatu, akasema. Kisha, kabla ya kukata simu: Msalimie Baba, Ruthu.

Nikisema, Baba atajua nimemwona. Pengine hatanisamehe. Na Ludovick lazima aambiwe, na shamba ndiyo hivyo tena. Nisiposema, macho yanaisha. Nampenda mno mzee yule, na kila njia naiona inamuumiza.

Salha naye kaja kuulizia gari. Nimemwambia ukweli: kwa mtu wa lami na foleni, nalisifu bila kusita. Kwa sisi wa vumbi, ukubali kusafisha chujio na kuendesha kwa adabu. Nalichukua. Akapiga vigelegele mlangoni kwangu! Juzi nilidhani hilo ndilo jibu gumu la mwezi huu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimeegemeza daftari kwenye usukani. Nimefika. Sijashuka.

Leo sikutaka honi. Nimeamua kumwambia, Jumatatu twende Mvumi. Njia nzima nimejifunza maneno. Baba, nimekuona. Hapana. Baba, macho yako. Hapana!

Nimekunja tu kwenye njia ya mchanga – kwaa! kwaa! kwaa! chini ya matairi. Nikajua tayari, tumbo limepasuka. Nikafungua mlango, nikachungulia.

Matawi makavu ya mizabibu. Lile lundo lote la kuni la nyuma ya jiko limetandazwa njiani, upana mzima wa njia, mpaka karibu na ua. Kayaleta Baba, mzigo kwa mzigo, huku ambako hakuna waya. Wiki iliyopita alisikia honi, hakusikia gari. Mzee si mjinga. Kajitengenezea kengele yake.

Nimezima. Namwona pale mbele. Ameuacha waya, anaharakisha, mkono umegonga kiti, amekaa. Anafunga vifungo. Kimoja kimeingia tundu lisilo lake, anakifungua, anaanza upya kutoka chini. Nimengoja. Ningefanya nini?

Sasa amemaliza. Ameinua uso, anatabasamu kuelekea kwenye mwarobaini, nilikokuwa naegesha Mashine siku zote. Anapunga mkono kule kule.

Karibu mwanangu, anaita. Karibu, nimekuona!

Mimi nipo upande huu, mlango nimeufungua nusu, na hodi sijapiga.