Siku Nne za Chupa Isiyo na Jina

Moroni, 3 Juni 1989

Mwanangu Msa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako Koultoumi. Natumaini mnaendelea vizuri na kifua cha mama kimetulia. Mimi miguu imevimba hadi magotini, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Barua hii anakuletea Abdoulkarim, anayesafiri kuja huko kwenu, mkononi, maana za posta zinafunguliwa. Nimeiandika kwa Kiswahili nilichosomea Unguja pamoja na marehemu baba yako, naye akakufundisha wewe. Hapa kwangu hakuna mwingine anayekisoma.

Nataka radhi yako kabla sijafa. Mwaka wa themanini na tano mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais walipopekua chumba chako cha kupanga hapa Moroni, wakakuta chupa isiyo na jina, waliniletea mimi mwalimu wa kemia niwaambie ni kitu gani. Walidhani ni sumu au kitu cha kulipua. Nilifanya majaribio siku nne, kisha nikaandika kwamba ni kitu cha harufu tu, wakakuachia. Ningekuwa mwepesi zaidi, wasingekuvunja pua. Nisamehe kwa kuchelewa kwangu.

Mjomba wako,
Mdahoma


Patsy, 20 Juni 1989

Mjomba,

Kwezi kwa lugha yetu, na shikamoo kwa Kiswahili chako. Sisi hatujambo, mama anakohoa asubuhi tu. Mimi bado niko kwenye mtambo wa kutoa mafuta ya maua ya langilangi. Wenzangu hutoka nje kila saa kwa sababu harufu inawapasua vichwa. Mimi nakaa ndani kutwa, kwani tangu mwaka ule sinusi kitu. Tajiri anasema hajawahi kupata mfanyakazi kama mimi, na wenzangu wananiita Bwana Pua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wewe ndiye uliyetufundisha namna ya kuitambua kampaundi tusiyoijua: tazama rangi, kisha punga mkono juu ya mdomo wa chupa unuse, ndipo uende kwenye moto na vitendanishi. Ile ilinuka lozi chungu. Hata Sittina, aliyekuwa wa mwisho darasani, angeijua kabla hajafika mezani.

Sasa mjomba, siku nne zote ulikuwa ukitafuta nini?

Mwanao,
Msa


Moroni, 2 Julai 1989

Mwanangu Msa,

Kwezi yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia mama anakohoa asubuhi tu. Naandika nimekaa. Nikilala, pumzi inakatika.

Sikuwa nikitafuta kitu. Chupa ile niliijua kabla hawajaiweka mezani. Shingoni ilikuwa na chembe nyeupe, kama inavyokuwa benzaldehidi ikikutana na hewa ikageuka asidi, na kizibo chake nilikichonga mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Wewe unajua kwamba ni mimi niliyekupa. Uliniomba kitu cha kujipima nacho kabla ya mtihani wa maabara. Nikakumiminia kidogo, nisikuandikie jina, ukalitafute mwenyewe. Kutoa dawa nje ya maabara kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo katika daftari la kabati sikuandika kitu.

Ofisa wao aliniuliza, "Mzee, hii unaijua?" Nikasema inahitaji majaribio. Niliogopa kwamba nikijibu papo hapo ataniuliza nimeijuaje. Siku ya kwanza nilifanya jaribio la kioo cha fedha, kikang'aa ndani ya mrija mpaka nikauona uso wangu. Siku ya pili nikarudia. Siku ya tatu nikapima joto la kuchemka, ambalo nalijua kwa kichwa tangu ujana. Maoulida, aliyekuwa akituoshea vyombo vya maabara, alinitania, "Leo mwalimu anafanya kazi kama analipwa kwa tone." Nikacheka naye, na wewe uko mikononi mwao.

Kila siku nilisubiri waje kunikamata. Hawakuja. Siku ya nne nikawa na hakika kwamba hukunitaja na hutanitaja. Ndipo nikaandika ripoti.

Mjomba wako,
Mdahoma


Patsy, 19 Julai 1989

Mjomba,

Kwezi. Sikukuu imepita salama. Mama alikutengea fungu lako la nyama kama kila mwaka, wakala watoto wa jirani.

Waliniuliza kila siku chupa imetoka wapi, nikasema nimeiokota. Nikisikia nyayo mlangoni nilijiambia, huyo mjomba, amekuja kusema ni yake. Sikukutaja kwa sababu siku mama aliponikabidhi kwako, ingawa hamkuzaliwa tumbo moja, aliniambia, "Huyu ndiye kaka yangu huko Moroni. Usimtie aibu."

Juzi alinikuta nikisoma barua yako akauliza umesema nini. Nikamjibu, salamu tu. Nilipojisikia nikisema hivyo niliona nami nimeanza kukufichia. Hadi leo, ingawa waliniachia, anaamini nilikuwa nikitengeneza bomu. Baba alikufa akiamini hivyo. Nawe umeungama kwa lugha ambayo kwako hakuna mwingine anayeisoma, na hapa naisoma peke yangu. Bado umejifungia maabara, mjomba.

Mwandikie mama kwa Kinzwani, lugha yetu ya kisiwani. Aandike mtu wa nyumbani mwako, ili naye ajue. Radhi iko kwa mama. Akiitoa yeye, nami nimeitoa.

Mwanao,
Msa


Moroni, 11 Agosti 1989

Mwanangu Msa,

Salamu. Afya usiniulize. Maneno haya machache nimeyaandika mwenyewe, ndiyo maana mistari imepinda.

Nilimwita binti yangu Hayati, nikasema kwa Kinzwani, yeye akaandika. Alipofika penye kizibo akaweka kalamu chini. "Baba, ni Msa huyu? Aliyekuwa akinibebea vitabu?" Nikasema ndiye. Akatoka, nikamsikia akiwalisha kuku waliokwisha kulishwa. Akarudi akaandika hadi mwisho. Tangu siku hiyo chai yangu analeta mumewe.

Barua ya kwenda kwa mama yako nimeiacha wazi, na Abdoulkarim nimemruhusu aisome. Mamluki bado wapo, na jina langu liko chini yake kamili.

Mjomba wako,
Mdahoma


Patsy, 27 Agosti 1989

Mjomba,

Kwezi. Natumaini barua hii itakukuta.

Mama hakutaka niisome mimi. Alimwita Loutfia, anayefundisha watoto Kurani, aisome barazani, majirani wakiwapo. Loutfia alipofika penye habari ya siku ya nne akanyamaza. Mama akamwambia, "Soma, mwanangu. Aliyeyasema hakunyamaza." Ilipokwisha, Saandia wa nyumba ya pili akasema mtu wa namna hii hasamehewi. Mama akamgeukia. "Wewe mwanao ana pua yake. Tuachie."

Halafu akanishika uso mbele ya watu wote, akapitisha kidole pale palipovunjika. Miaka minne hakuwahi kupagusa. Aliniomba radhi mimi kwa yale aliyoyaamini.

Jioni akaniambia, "Mwandikie kwamba amechelewa, baba yako amekufa hajui. Ukishaandika hilo, mwandikie nimemsamehe. Usianze na la pili."

Umechelewa, mjomba. Baba amekufa hajui.

Mama amekusamehe.

Mwanao,
Msa