Spika ya Kulia

Jumatano, 2 Machi 1994

Spika ya kulia imenyamaza. Ya kushoto inaimba kama kawaida — magita mawili yanajibizana, safi kabisa. Lakini tarumbeta, ambayo miaka yote hukaa kulia, upande wa dirisha, leo inasikika kwa mbali kama mpigaji kabaki Mtwara. Nimegeuza santuri. Upande wa pili vilevile. Nimepuliza vumbi kwenye sindano, nimefuta santuri kwa kipande cha khanga chenye unyevu. Wapi.

Miguu imevimba tena. Daktari anasema moyo umechoka, niache chumvi. Nile nini kisicho na chumvi, Lindi hii, hata upepo una chumvi.

Na ni Kwaresima. Nilipaswa kuacha kitu ninachokipenda. Nimeacha sukari. Santuri siachi. Mungu anaujua umri wangu.

Jumamosi, 5 Machi

Pazi amekuja na mkoba wake. Fundi redio, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Nilimfundisha darasa la nne. Kuzidisha kulimshinda, waya hazikumshinda. Sasa ana mvi nyingi kuliko mimi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mgonjwa yuko kulia."

Akaweka sikio kwenye spika. Akasema mbona inapiga. Nikamwambia haipigi. Akasema inapiga Mwalimu. Nikamwangalia kwa jicho la darasa la nne. Akafungua mkoba.

Amebadilisha waya. Bado. Amegeuza nyaya, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto — tarumbeta ikaja kushoto, tamu, karibu kabisa! Lakini sasa magita yakapotea kulia. Basi spika mbovu, nikasema, ushahidi huo. Akahamisha masanduku yenyewe. Ni mazito, kila moja ukubwa wa kreti mbili za soda zikipandana, mbao tupu; marehemu mume wangu Jerome aliyaleta kutoka Dar kwa meli mwaka wa sabini, pamoja na pleya na amplifaya, akafika bandarini akiwa kayakalia kama sultani. Pazi akaliweka la kushoto kulia. Kulia bado kimya.

Akakuna kichwa. "Basi Mwalimu, kona ndiyo mgonjwa. Ukuta huu umenyonya maji."

Inawezekana. Nyumba ni ya mawe ya zamani, inanyonya kila kitu. Tumekubaliana aje tena kuangalia kona.

Zamani, wakati wa shida, hakukuwa na redio dukani, hata betri mpaka ujuane na mtu wa ushirika. Leo kibandani kwa Pazi mna redio kaseti za Dubai mpaka nje, na hakuna kijana anayejua sindano ya santuri ni kitu gani. Niliyo nayo ni ya mwisho. Naitunza kuliko figo.

Jumanne, 8 Machi

Majid kapita. Amefunga, midomo imekauka, nikanywa chai yangu mbele yake taratibu, kwa sauti.

"Hodi hapa kwa marehemu."

"Marehemu ni wewe na hao pweza wako. Karibu."

Majid ni mtani wangu. Watu wa Kiswere hao, wauza pweza mkavu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu: wao hutuzika sisi, sisi huwazika wao, na mtani hakasirikiwi, afanye afanyalo. Nikifa, ndiye atakayevaa gauni langu, ashike fimbo yangu na kuniigiza mbele ya waombolezaji mpaka wacheke. Kwa Jerome alifanya hivyo. Alivaa koti lake na kusinzia akipigiwa santuri, mdomo wazi, kama yeye kabisa. Nilicheka msibani nikiwa mjane wa siku moja. Sijapata dawa nyingine iliyonifaa hivyo.

Leo alikaa mbali kidogo, ananitazama tu.

"Unatazama nini?"

"Najisomea. Mtihani hauko mbali."

Nikamwambia atafeli.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Nimeipata kwa namna ya ajabu.

Nililala mchana kwa ubavu wa kushoto, sikio la kushoto kwenye mto. Nikafumbua macho, nikaona maji yanamwagika dirishani, mazito, na hakuna sauti. Hata kidogo. Paa langu ni bati. Mvua kwenye bati hili huwezi hata kusali. Nikadhani nimekufa, na kwamba kufa ni hivi, unaona lakini husikii. Haikunitisha sana, nikiri. Nikageuka ubavu wa pili. Ikaja yote kwa pamoja, kama mtu kafungua mlango wa mashine ya kukoboa.

Nikageuka tena. Kimya. Tena. Mvua.

Basi kona haina ugonjwa. Wala spika.

Pazi maskini! Nimeikataa kazi yake nzuri mpaka akausingizia ukuta.

Ijumaa, 11 Machi

Angela kapiga simu kwenye duka la jirani. Atakuja wiki ijayo na lori la nazi la dereva Saad. Nimeipokea kwa sikio zima, alhamdulillahi kama asemavyo Majid.

Angela ni mwanangu wa pekee. Ana duka Kariakoo. Makubaliano yetu tangu mwaka jana ni haya, maneno yake mwenyewe: "Nakuacha Lindi kwa sababu moja, Mama. Una raha na masanduku yako. Siku raha ikiisha, unakuja kukaa na mimi." Nikakubali upesi, nikijua haitaisha.

Kwake ni vyumba viwili juu ya duka, ngazi ndefu. Nimewahi kukaa. Binti mwema, chakula kizuri, na kutwa nzima unatazama ukuta wa ghorofa la mwenzako. Nikienda sasa sirudi. Hilo tunalijua wote wawili, tunalizungukia tu kama shimo la njiani.

Kwa hiyo asijue. Mvua ikishika sawasawa, Rufiji itajaa, kivuko kitasimama na barabara itafunga mpaka Juni. Ninachohitaji ni kusogeza siku. Na kufikia Juni, kwa miguu hii, nadhani suala litakuwa limejimaliza lenyewe.

Jumanne, 15 Machi

Padre Nikodemo amekuja kuniungamisha nyumbani. Kijana, viatu vimejaa tope. Akavuta kiti, akakaa kulia. Nikamwomba ahamie kushoto, nikasingizia jua. Hakukuwa na jua. Kwa hiyo nilikwisha kudanganya hata kabla ya ishara ya msalaba.

Nikaungama hasira. Uvivu wa rozari. Kumsema vibaya mke wa mwenyekiti. Akauliza kuna jingine? Nikasema hakuna.

Liko. Niliandike hapa, huenda mkono ukawa jasiri kuliko mdomo. Najua spika ni nzima, na bado nimemwita Pazi aje kesho, na keshokutwa, ili Angela akifika akute nyumba imevurugika na mashine haijapona. Nitasema: siwezi kuiacha hivi. Atanisubiri, maana ana huruma. Naitumia huruma yake kama kigingi cha kuzuia mlango.

Kuwa kiziwi si dhambi. Hiyo nyingine nadhani ina jina. Nitamwita padre tena, baada ya barabara kufunga.

Alhamisi, 17 Machi

Angela kafika, tope mpaka kwenye nywele. Kapendeza. Kaniletea redio ya deki mbili, ina rimoti na taa zinazokimbia kijani na nyekundu. Inaimba besi tupu, kama mtu anahamisha makabati chumba cha pili. Nikasema nzuri sana. Akacheka, akasema mama hujui kudanganya.

Hajui!

Pazi alikuwepo, kona imechimbuliwa, plasta sakafuni. Angela akauliza kuna nini. Nikasema spika ya kulia. Pazi akatazama vidole vyake vya miguu. Ninamshuku. Nadhani alijua tangu siku ile alipogeuza nyaya.

Jana hapakuwa na mvua. Leo pia hapakuwa nayo. Saad anaondoka Jumatatu.

Jumamosi, 19 Machi

Jioni njema, kisha mbaya. Niandike njema kwanza.

Angela kapika pweza wa Majid kwa nazi, chumvi imechungulia tu. Tumekula wote wanne: mimi, yeye, Majid na Pazi. Nikaweka santuri ile ya harusi yetu. Najua kila mkwaruzo wake. Kuna mmoja katikati ya wimbo wa pili ambao Jerome alikuwa anaupigia goti, tik, kama ni ngoma ya bendi. Leo nikaupigia mimi. Magita yalikuwa mazuri mno. Nasikia nusu, ndiyo. Lakini nusu ya kitu kile ni zaidi ya vingi vizima. Hilo nataka lijulikane, hata kama na karatasi peke yake: raha haijaisha. Imehamia upande mmoja, basi.

Ndipo Angela, kwa kufurahi, akamwambia Majid: "Babu mtani, tuonyeshe basi mazoezi yamefika wapi."

Majid hakungoja kuombwa mara mbili. Akajifunga khanga yangu, akavaa miwani yangu, akachukua fimbo. "Pazi! Saba mara nane!" Pazi, mtu mzima, akashtuka kweli. Tukacheka mpaka nikashika kifua. Akaenda kwenye pleya, akainua mkono wa sindano kwa vidole viwili, pumzi kaibana, kama anamwinua kifaranga. Mimi huyo. Akaja kukaa kwenye kiti.

Kisha akageuza kichwa. Taratibu, kidogo kidogo, uso ukaelekea dirishani mpaka sikio la kushoto likawa mbele kabisa, na jicho moja juu — kama kuku anayemtazama mwewe. Akabaki hivyo, anatabasamu, anatikisa kidole kufuata gita.

Pazi hakucheka. Angela alicheka, kisha akaacha. Nilimwona akiacha.

Mtani hakasirikiwi. Naye Majid hakujua alichokisema. Alisoma alichokiona, akakipatia sawasawa. Sikujua kwamba nakaa hivyo. Nimekaa hivyo mbele ya watu wote hawa, siku zote hizi, nikidhani nimejificha.

Angela akaondoa sahani.

Jumapili, 20 Machi

Asubuhi nimegeuka kulia nikakuta kikombe cha chai mezani. Kimeshapoa. Angela aliniletea, akanisemesha, akaniacha. Yaani alipima.

Nimekunywa hivyohivyo, baridi.

Hakwenda misa. Kakaa kwenye kiti cha Jerome, kile cha kulia, mikono mapajani. Nikamwambia mwanangu, sema. Akahama, akaja kuchuchumaa kushoto kwangu, karibu kabisa, akauliza: "Tangu lini?"

Nikasema tangu mwanzo wa mwezi.

"Na spika?"

"Spika nzima."

Akainamisha kichwa kwenye mkono wa kiti. Nilidhani analia. Mabega yalitikisika, lakini uso ulipoinuka sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua. Akasema umemchimbisha Pazi wa watu ukuta mzima. Nikasema ndiyo. Akasema na makubaliano yetu je, Mama. Nikamwambia raha haijaisha. Akasema: "Ungesemaje vingine?"

Hapo kanishika. Mwongo akisema kweli anatumia mdomo uleule.

Mawingu mazito upande wa Kilwa. Saad katuma ujumbe: analala na mzigo tayari, anaondoka kesho mapema kabla Rufiji haijafanya yake.

Jumatatu, 21 Machi

Lori liko nje. Nalisikia, liko kushoto.

Niandike upesi. Mkoba wangu mdogo uko mlangoni, sikuufunga mimi. Amplifaya iko mezani, haina waya hata mmoja. Pleya imefungwa kwenye blanketi. Nilimwuliza Angela vinakwenda wapi, akasema ngoja, Mama. Nikauliza mimi nakwenda wapi, akasema ngoja.

Kisha Majid kaingia bila hodi, Pazi kamwambia kila kitu njiani. Uso wake haukuwa na utani hata kidogo. Lakini mdomo ulikuwa nao. Akaenda kulikalia sanduku la kushoto, fimbo yangu mkononi.

"Hili ni langu kwa haki ya utani," akamwambia Angela. "Nalitwaa leo. Na mali ya mtani haipandi lori. Nani atanikasirikia?"

Saad kapiga honi. Angela akasema, babu mtani, inuka tafadhali. Akasema sinuki, naumwa mgongo, mimi ni mzee wa watu. Mvua ikaanza, kubwa, bati lote likalia.

Sasa hivi ninapoandika, Pazi amelibeba lile la kulia. Lizito, mishipa ya shingo imemtoka. Amesimama nalo katikati ya chumba. Mlango uko mbele yake. Nyuma ya kiti changu, upande wa kushoto, wa sikio langu zima, mtu amefagia plasta na kuacha mahali safi, pa mraba, pa kutosha kreti mbili za soda zikipandana. Sikuona ni nani aliyefagia, wala lini.

Pazi anamtazama Angela, anangoja aambiwe. Majid naye anamtazama.

Angela anasema kitu. Midomo inakwenda. Lakini kasimama kulia kwangu, na mvua hii