Kaye sita ndani ya gunia ya muhogo

Jumatatu, 1 mwezi wa tatu 1999. Baraka.
Natwanga tangu asubuhi. Mikono inauma. Leo wiki ya pili tangu tulirudi hapa Baraka toka Fizi, kwenye vita ilitukimbizia. Mulango hakuna. Masufuria hakuna. Mudogo wangu Alimasi hakuna: tulimuzika kule milimani. Homa, siku tatu tu. Alikuwa na miaka kumi na kenda. Sikulia. Mpaka leo bado.

Jumamosi tunaondoa kilio, ndiyo mwisho wa matanga yake. Baba mudogo amepita kusema mwalimu wa zamani wa Alimasi atasoma hadisi moja yenye Alimasi aliandika, mbele ya bantu bote. Akauliza kaye, zile daftari zake za kuandikia, ziko wapi. Nikasema ziko. Ni mi nilizificha.

Jumatano, 3.
Mvua. Niandike mara moja, niache.

Siku ya kukimbia, basoda wenye bunduki balikuwa banauliza kila mwenye makaratasi anaandikia nani. Alimasi alitaka kubeba kaye zake zote sita. Nikamunyanganya. Nikazisukuma katikati ya gunia ya muhogo, nikafukia gunia nyuma ya jiko. Nilijiona mwerevu kabisa.

Leo nimefukua. Muhogo ulikuwa haujakauka. Ata mutoto wa miaka saba anajua: muhogo mubichi hauingie mu gunia. Mi niko mwanamuke muzima! Umeoza. Kaye zimeshikana, donge moja. Wino umeingia mu muhogo, vipande vingine viko bulu.

Sijaambia mutu.

Ijumaa, 5.
Mama hajui kusoma. Ameuliza mwalimu atasoma hadisi gani. Nikasema ile ya kengele. Akafurahi, mara ya kwanza tangu tumuzike.

Ni hiyo moja tu naijua. Alinisomea niko natwanga.

Jumamosi, 6.
Bantu bengi. Bamama ba kanisa, majirani. Baligawa vitu vyake: koti kwa baba mudogo, viatu kwa binamu. Kisha mwalimu akanyoosha mukono apewe kaye. Nikamupa lile donge. Nikasema ni mi, na muhogo wangu.

Hakuna mwenye alipiga kelele. Baba mudogo alisema, "Majuto ni mujukuu, mutoto wangu," basi. Afazali angenipiga.

Nikaeleza hadisi kwa kinywa. Mwalimu mumoja anapiga kengele kila asubuhi ku masomo. Batoto hakuna tena, vita imebamaliza. Bantu banamucheka, yeye anapiga tu. Siku moja, kabla hajaweka nyundo chini, anasikia miguu nyuma ya ukuta. Miguu mingi.

"Halafu?" mwalimu wa Alimasi akauliza.

Halafu hapana. Pale ndipo nilimukatiza Alimasi. Nilimuambia: acha uongo wako, wee, enda uteke maji. Akacheka, akabeba bido ya maji, akaenda. Aliporudi sikumuuliza mwisho. Nilikuwa na kazi.

Mama hakuniangalia mpaka bantu balipoondoka.

Jumanne, 9.
Jua. Mama ameanika muhogo yenye haikuoza sana. Ameparua bulu na kisu. Sehemu zingine haikutoka. Hatuna kingine, nikatwanga.

Tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, sisi wawili. Ilikuwa bugali tu.

Mama akauliza, "Ile miguu, unaona ilikuwa ya batoto?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akanawa mikono. Bido ilikuwa tupu. Nikaibeba, nikaenda kuteka maji.