Maneno ya Bibi Chausiku Yananikaba Koo

Bibi Mwanaasha mpendwa, shikamoo, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, naomba uniokoe kabla sijaaibika, mimi naitwa Bernadeta, mtu wa mlimani huku juu ya Bigwa, na mdogo wangu Paskalia amewekwa ndani tangu mavuno, sasa ni mwali wa kutolewa baada ya Pasaka, na kwetu mwali hatoki mpaka dada yake wa tumbo moja asimame mbele ya wanawake wote amwambie maneno ya Bibi Chausiku, ndiye mama wa ukoo wetu, aliyekimbia njaa kwao huko mbali akapanda mlima huu na mbegu za mtama kazificha kwenye nywele, akafyeka msitu wanaume wakiwa bado wanabishana bondeni, na maneno yenyewe ni haya: "Mume huja na huenda, tumbo lililokuzaa halihami, usilitupe shamba la mama yako." Dada ni mimi peke yangu, na kila mtu ananipongeza, kumbe mwenzenu nina siri, mchumba wangu Yakobo ni fundi wa reli hapo stesheni ya Morogoro, nampenda jamani, naye anasema tukioana tukakae mjini maana hawezi kushuka mlima kila alfajiri kuwahi gari la moshi, nami nimeshamkubalia, lakini kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mke, na mama keshamchagulia Yakobo mahali pa kujenga, tena anapafagia! Sasa nitasimamaje nimwambie Paskalia asilitupe shamba, halafu mwezi unaofuata wanione nashuka na mkeka kichwani? Nikikataa kusema, mtoto wa watu atatoka lini? Nikimwacha Yakobo nitakufa. Nimekonda, Bibi.

Bernadeta

Marahaba, Bernadeta. Kwanza kula, hakuna bwana arusi anayeoa fimbo.

Unamwogopa Bibi Chausiku bure. Kwani alizaliwa mlimani hapo? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba alikimbia kwao! Sasa mwanamke aliyekuja kote huko na mbegu kichwani ndiye akukasirikie kwa kwenda Morogoro, ambako mama yako akipika kande harufu inakufikia? Acha mchezo. Hakumkataza mtu kuhama. Alikataza kutupa shamba, kwa sababu njaa aliijua, na alijua kwamba mwanamke mwenye chakula chake haonewi ovyo.

Kosa lako ni jingine, na hapo nakugombeza. Unamtazama mama yako anafagia kiwanja cha nyumba isiyojengwa, umenyamaza! Binti mzima! Mwambie kabla ya ngoma, si baada. Atanuna. Akina mama wa Uluguru wananuna vizuri sana, nimekaa nao, lakini wanapoa.

Huyo Yakobo mwite apande, umtie jembe mkononi mbele ya mama. Mkwe wa kwenu hulima kwa mama mkwe, na siku ya mapumziko reli haimwiti. Akilima mpaka shati limgande mgongoni, huyo ni mume, shuka naye, na kila msimu rudini mpande maharage kwenye shamba lako. Akikuambia mikono yake ni ya reli tu, basi aoe reli.

Siku ya mwali simama, yaseme maneno yote kwa sauti, usipunguze hata moja. Ukimaliza, mwambie Paskalia mbele yao kwamba unaolewa mjini na shamba lako bado utalilima. Wa kucheka wacheke.

Msichana hajaliona jua tangu mavuno. Weka gazeti chini, Bernadeta, mama yako yuko jikoni.