Mgeni Asiyegusa Nyama

Suna, Migori
8 Desemba 2024

Dada yangu Gesare,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti lako limetulia na hoteli yako hapo Rodi Kopany bado inajaza watu saa ya chai. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Simu zako sizisikii. Naona tu kioo kikiwaka, kisha kikizima. Nawe ujumbe wa simu hujui kuuandika, kwa hivyo tuendelee na barua hizi tunazotuma kupitia ofisi ya vifurushi.

Mwanangu Okari ataleta mke wake Krismasi. Wameishi Homa Bay miaka minne, na huyo Valentine sijamwona ila kwenye picha. Sasa ana mimba ya miezi saba, ndiyo kwanza nimekumbukwa. Okari ameniandikia ujumbe: "Baba, Valentine hali nyama. Wala kuku, wala samaki, wala supu yake. Tafadhali." Nilipomuuliza kwao ni wapi, akajibu, "Kisii tu." Mtu hatoki Kisii tu. Mtu hutoka kwenye boma la fulani.

Tangu Eucabeth afariki napika mwenyewe na sioni haya. Nitachinja mbuzi kwa ajili yetu na jirani zangu, Willis na mkewe Filister, wanaoniita Mwalimu hadi leo ingawa nilistaafu. Lakini huyu mjamzito nimpikie nini kionekane kuwa chakula cha sikukuu, si mboga ya siku yoyote?

La pili ni letu sisi wawili. Unajua desturi ya nyumbani: nyumba mbili zikiwa na damu kati yao, hazili nyama ya chungu kimoja mpaka wazee wazipatanishe. Damu ya mdogo wetu Ratemo haijasemewa na mtu tangu alipouawa tulipofukuzwa shambani mwaka tisini na mbili. Msichana anayekataa nyama yangu kabla hajaiona, na ambaye kwao hakutajwi, huenda anajua vizuri yeye ni wa nyumba gani.

Kaka yako,
Maranga


Rodi Kopany
13 Desemba 2024

Kaka Maranga,

Hujambo mzee wangu? Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, chapati mbili zikaungua, kwa hivyo una deni la chapati. Goti liko vilevile. Tunashukuru Mungu.

Mama angekuona na mwiko angeita wachungaji. Haya, andika. Chukua ndizi mbichi za kupika, zile fupi nene. Zimenye ukiwa na mafuta mikononi, utomvu usikushike. Kaanga vitunguu viwili pole pole mpaka viwe vyekundu, tia nyanya, kisha ndizi. Karanga zikaange kavu, zisage, zikoroge kwa maji ya moto, umimine mwishoni na uache moto mdogo sana. Pembeni weka mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa siku mbili, uchungu wote uishe. Pakua kwenye lile bakuli kubwa la Eucabeth, si kwenye sufuria. Na usitie ule unga wa mchuzi wenye picha ya ng'ombe.

Hilo la pili liache. Valentine amekula kwangu mara nyingi na nyama hajaigusa, kwa hivyo si kwako tu. Mjamzito akitazamwa vile unavyotazama wewe, chakula hakimpiti kooni.

Dadako,
Gesare


Suna, Migori
17 Desemba 2024

Dada yangu Gesare,

Natumaini u mzima. Hapa mvua imegoma, kisima kimeshuka, lakini afya ipo.

Asante kwa maelezo ya ndizi. Nimeyanakili kwenye daftari. Nimenakili pia maneno yako mawili: "mara nyingi." Miaka minne wewe unamlisha mke wa mwanangu, na hukuniandikia hata mstari. Unaniambia hajagusa nyama kwako pia, kana kwamba hilo litanituliza. Wewe na Ratemo mlizaliwa nyumba moja. Chungu chako ni chungu chetu. Kama ana sababu ya kuogopa changu, anayo sababu ya kuogopa chako.

Si kwamba napenda kufikiri hivi. Lakini wale waliochoma nyumba yetu walikula kwetu Jumapili. Mama aliwapakulia kwa mkono wake. Alhamisi walirudi na petroli, na mmoja wao alijua mlango wa nyuma kwa sababu ndiko alikonawia mikono. Tangu siku hiyo mgeni akikaa mezani kwangu namhesabia matonge.

Nieleze babake Valentine ni nani. Kama hujui, sema hujui. Kama unajua na umekatazwa kusema, hilo nalo ni jibu.

Kaka yako,
Maranga


Rodi Kopany
23 Desemba 2024

Kaka yangu,

Leo salamu ni fupi, hoteli imejaa wasafiri.

Nimezungusha barua yako kichwani siku nne. Babake Valentine ni Angwenyi, fundi wa cherehani Keroka, na kule shambani kwetu hajawahi kukanyaga. Okari hakukwambia kwa sababu kila akikutajia mtu, wewe huanza kumpeleleza mpaka babu yake.

Hii nyama ni hivi. Mimba mbili zimemtoka kabla ya hii. Ya pili ilikuwa ya miezi sita, na mimi ndiye niliyemshika mkono hospitalini. Hapo ndipo alipomwekea Mungu nadhiri: hatatia kinywani kitu chochote cha mnyama aliyechinjwa mpaka ashike mtoto wake. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nimevunja neno langu ili wewe utulie. Sasa tulia, umpikie vizuri, na ufanye kama hujui.

Karani wa vifurushi amesema hii itakufikia kesho.

Gesare


Suna, Migori
26 Desemba 2024

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mlikula vizuri. Barua yako sijaiona. Ofisi ya vifurushi ilifungwa tangu juzi adhuhuri. Haidhuru, maana nimejipatia jibu mwenyewe na leo nimeamka mwepesi.

Ndizi nilizipika kama ulivyoelekeza. Badiliko lilikuwa moja. Vitunguu nilivikaanga kwa kijiko cha mafuta ya mbuzi. Nilisema moyoni: kama ni wa nyumba ile, harufu itamjulisha na hataweza kumeza. Kisha nikaleta bakuli, nikakaa mkabala naye.

Alinusa. Akachukua tonge la kwanza, akatulia. Kisha akala. Willis akamwita binti wa Kisii kwa Kijaluo chao, "Nyar Kisii, ongeza, mko wawili hapo." Akaongeza. Filister akaniuliza, "Mwalimu, umetia nini humu? Sitoki hapa bila siri." Nikasema, "Karanga tu." Valentine akacheka, akasema, "Baba, tangu mimba hii ianze sijala nikashiba hivi."

Ni msichana mwenye sauti ya chini na macho yasiyokwepa. Aliniita Baba mara tano. Hana damu ya watu wale, Gesare. Watakaa hapa hadi mwaka mpya na nimefurahi.

Kaka yako,
Maranga


Suna, Migori
27 Desemba 2024

Gesare,

Barua yako ya tarehe 23 imefika leo saa nne.

Yuko uani, anachambua mchele na kuimba wimbo wa kanisani. Nimeshindwa kutoka chumbani. Nifanye nini?

Maranga


Rodi Kopany
29 Desemba 2024

Maranga,

Barua zako mbili zimefika pamoja.

Nyamaza. Umesikia? Hakujua, na Mungu anajua kwamba hakujua. Ukimwambia sasa, kila tumbo likimkaza ataamini ni kijiko chako. Ibebe aibu hiyo mwenyewe mpaka mtoto azaliwe. Siku ile hospitalini alilia bila sauti. Hukuwepo. Mimi nilikuwepo.

Gesare


Suna, Migori
3 Januari 2025

Dada yangu,

Salamu za mwaka mpya. Sikukutii.

Nilijaribu siku mbili. Lakini kila jioni alikuja jikoni akasema, "Baba, nisaidie na zile ndizi tena," nami nikampikia kwa mafuta safi, naye akasema leo hazikutoka kama za Krismasi. Nikaona kwamba nikinyamaza, nitakuwa namlisha uongo kila siku atakayokuja kwangu.

Jumatano, Okari alipokwenda kwa Willis, nilimwambia yote, hata la Ratemo. Aliweka mkono tumboni. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Kijiko kikubwa au kidogo?"

"Kikubwa."

"Ulitaka kuona nini?"

"Kama utakula."

"Na nikala," akasema.

Kisha akasogea upande wangu wa kulia, ili nisikie vizuri. "Baba, mimi sikujua. Kwangu nadhiri iko palepale. Aliyeyala mafuta yale ni wewe. Kuanzia leo usiguse nyama mpaka nijifungue. Wala kuku, wala samaki, wala supu. Ukionja kwa siri mimi sitajua. Wewe utajua."

Nikasema ndiyo. Akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Okari. Walipoondoka kesho yake, Okari alipakia mizigo bila kunitazama.

Kaka yako,
Maranga


Suna, Migori
9 Februari 2025

Dada Gesare,

Natumaini u mzima. Mimi nimepungua, mkanda umeingia tundu la tatu.

Wiki iliyopita tulimzika mamake Willis. Waliniletea sahani ya nyama kwa heshima ya umri wangu, nikairudisha. Nduguze Willis walitazamana. Mmoja akaniuliza polepole, kwa lugha yao, boma hili lina ubaya gani hata Mwalimu asile. Nilikula ugali na sukuma wiki, watu wanahesabu matonge yangu.

Okari hajibu ujumbe. Miezi tisa inatimia mwezi huu. Kama kuna lolote unalolijua, hata baya, niandikie.

Kaka yako,
Maranga


Homa Bay
24 Februari 2025

Kaka Maranga,

Nakuandikia kwenye benchi la hospitali, usilaumu mwandiko.

Amejifungua leo saa kumi na moja alfajiri. Ni msichana, mzima, na analia kama mtu aliyedhulumiwa. Mamake yu salama, amechoka tu.

Valentine amesema nikwambie unaweza kula nyama. Nilimuuliza kama kuna neno jingine. Alifikiri kidogo huku ananyonyesha. Akasema ukitaka kumwona mtoto, njoo, hatakuzuia. Utakaa sebuleni na sahani yako utaletewa. Jikoni hutaingia.

Dadako,
Gesare